Upande Mmoja wa Simu

...na kibaya kuliko vyote ni kwamba alicheka wa kwanza, kabla ya mhasibu, kabla ya mkurugenzi mwenyewe ambaye hucheka kwa mabega, kilimtoka tu kama chafya, ha, halafu masikio yake yakamletea yale maneno mara ya pili, taratibu, kama jirani anayekurudishia sufuria uliyosahau kwake, Mwambie asibanduke, tunarudi baada ya matangazo mafupi, na kicheko kikakatika nusu nje nusu ndani, kwa sababu yale maneno yalikuwa yake, si kwamba yalifanana na yake, yalikuwa yake, aliyasema kwa mdomo huuhuu, kwenye simu, na upande wa pili wa simu alikuwepo mama, na nyuma ya mama alikuwepo baba, basi, hakuna wa nne, mama si mtu wa kutembeza maneno ya nyumbani kwake na baba yuko kaburini... na pale mbele ukutani yule mwanamke wa kwenye filamu amegandishwa, mkurugenzi kabonyeza rimoti, picha imesimama, simu sikioni, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, ila picha iliyosimamishwa haisimami kabisa, inatetemeka kidogo pembeni kama mtu aliyeambiwa asipumue na ameanza kushindwa. "Ehe, dada," mkurugenzi anasema bila kugeuka, kisogo chake kikiwaka mwanga wa projekta, "nimesimamisha hapa makusudi, maana hapa ndipo roho ya filamu ilipo. Unaonaje? Ipite?"

Ipite. Ndivyo kituo hiki kilivyo, hakuna kipindi, hakuna filamu, hata tangazo la sabuni haliendi hewani mpaka meneja wa vipindi aketi kwenye chumba hiki chenye mapazia meusi, atazame na wenzake, kisha aseme kwa sauti yake mwenyewe mbele ya wote, ipite, na neno hilo lisiposemwa hakuna anayethubutu kugusa swichi, hata mkurugenzi, kwa sababu siku moja miaka ya nyuma kulipita kitu bila neno hilo na kituo kikafungiwa, tangu hapo neno limekuwa kama kufuli, na meneja aliyestaafu alikuwa akilitoa huku akipiga miayo, ipite, ipite, ipite, na siku alipoondoka funguo zikaangukia mkononi mwake yeye, kaimu meneja wa vipindi, kaimu, neno linalomning'inia shingoni kama kibandiko cha bei kwenye nguo ambayo mtu bado hajaamua kuinunua, na bodi inakaa wiki ijayo kuamua kama wakibandue, na mkurugenzi alishamshika kiwiko kwenye korido, kwa upole kabisa, akamwambia, "Kazi unaiweza, hilo halina ubishi. Ila bodi inataka mtu wa timu, dada. Mtu anayejua kutaniwa." Na yeye akasema, "Mimi natanika sana, bosi," akacheka, siku hizi anacheka haraka, anacheka kama mtu anayelipa nauli, na leo kalipa nauli ya kupelekwa wapi, kalipa kwa kumcheka nani... "Mpe dakika," mwandishi anasema, yule kijana wa miwani wanayemwita Kalamu ingawa hajawahi kuonekana nayo, "mpeni dakika, dada mkubwa anameza kwanza," na mhasibu anacheka puani, na yeye anatazama mbele, haangalii mtu, anamwangalia mwanamke wa ukutani na mwanamke wa ukutani anamwangalia yeye, kwa jicho lile moja.

Mwanzoni aliipenda, hilo ndilo linalomuuma, walisema ni kichekesho cha ofisini, mwanamke wa televisheni anayependa kazi kuliko kulala, anakimbia korido na kiatu kimoja mkononi, anamkaripia mgeni wa kipindi kumbe ni waziri, anapaka wanja ndani ya lifti ikipanda na kushuka mara tatu naye hajui, na chumba kizima kikacheka na yeye akacheka, akasema moyoni mwigizaji huyu ana kipaji, amejuaje kubana midomo hivyo... kisha ikaja ile ya msalani. Mwanamke anaingia msalani, anafungua bomba maji yaende, anajitazama kwenye kioo na kusema kwa sauti ya bungeni, Mheshimiwa mwenyekiti, napinga hoja, na wote wakalipuka, na yeye akahisi kitu chembamba chenye baridi kikimpanda mgongoni mfupa kwa mfupa, kwa sababu hilo ni lake, ni lake tangu chuo, tangu mdahalo ule wa fainali alipotoka akatapika kisha akarudi na kuwabwaga wavulana wanne waliovaa tai, tangu siku hiyo hajawahi kuingia mahali pa kumtisha bila kwenda kwanza kufungua bomba na kumpinga mwenyekiti asiyekuwepo, na hajamwambia mtu, hata dada yake, anafungua bomba kwa sababu hiyohiyo, maji yafunike... akajisemea bahati tu, watu wengi huongea na vioo. Halafu mwanamke akaiimbia lifti wimbo, na hilo pia ni lake. Halafu akala chakula cha mchana peke yake kwenye chumba cha mavazi, akitafuna huku akijisomea taarifa ya habari kwa mdomo uliojaa, jioni njema mtazamaji, na chumba kikacheka, na yeye akaanza kutazama filamu kama mtu anavyotazama nyumba yake mwenyewe kupitia dirisha la nyuma, taa zinawaka, mtu anatembea ndani amevaa kanga yako, anajua vijiko vinakaa wapi.

"Hebu rudisha kidogo," mhasibu anasema, "ile sehemu ya simu, mimi sikuimaliza kwa kucheka," na mkurugenzi anasema, "Subiri, kwanza tusikie neno," na rimoti inabaki mkononi, kidole gumba juu ya kitufe, na yeye anafikiri, fikiri, wewe si ulikuwa bingwa wa kufikiri umesimama, tafuta penye ufa... chumba cha mavazi kwenye filamu kina viti, yeye hukaa sakafuni, chini ya magauni, wamekosea. Bomba la msalani wameliweka kulia, liko kushoto, wamekosea. Lifti wameipaka kijani. Kila kitu cha kuonwa wamekikosea na kila kitu cha kusikika wamekipata, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, mpaka ile kwikwi yake ndogo kabla ya kusema jioni njema... na hapo mkono wake unakwenda wenyewe kwenye ukosi wa blauzi, mahali palipokaa miaka yote ile ya utangazaji kile kipaza sauti kidogo kama punje ya hindi, kimebanwa kwa kibanio, waya unashuka ndani ya nguo mpaka kisanduku cha kiunoni, na kila mtangazaji mgeni huambiwa kwa mzaha siku ya kwanza, Ukienda msalani zima, fundi asije akakupa maksi, na wote wanacheka, na wote wanasahau, ukikaa nacho wiki mbili kinakuwa kama kidonda kilichopona, hukihisi, unatoka studio nacho, unakula nacho, unalia nacho, na kule kwenye kile chumba cha mafundi kuna mtu mmoja mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni ambaye kazi yake ni kusikia tu. Sema moja mbili tatu, dada. Moja mbili tatu. Safi, nakusikia. Miaka yote ile kila asubuhi alimwambia, nakusikia, na yeye akidhani ni habari ya kazi.

Na sasa hivi yuko hapa, fundi sauti, safu ya nyuma, kiti cha pembeni mwa mlango, ndiye pekee ambaye hajacheka tangu filamu ianze na yeye alidhani ni meno yanamuuma... hageuki. Akigeuka watageuka wote. Anamhisi tu nyuma ya shingo, kama unavyohisi mtu akisoma gazeti begani kwako, na anajiuliza alisikia nini kingine, zile dua, ile simu ya mwanamume ambaye hatamtaja hata kichwani kwa sababu sasa hajui kichwa kinaishia wapi na chumba kinaanzia wapi, yale matumbo yake yenye njaa, yale mazungumzo na gauni jekundu... na ghafla wazo linamjia, la kijinga, baridi, kwamba yule mwanamke wa ukutani hajasimamishwa na rimoti, anasubiri, amefungua mdomo anasubiri yeye aseme kitu ili ajue mdomo wake uende wapi.

"Kwanza kuna kitu hujakijua," Kalamu anasema, na sauti yake imelainika, sauti ya mtu anayetoa zawadi, "mwisho hatujaupiga bado. Tumeuacha wazi. Tulisema tukuoneshe wewe kwanza, tuone, yaani, tusikie unasemaje. Unavyojisikia wewe ndivyo tutakavyomaliza." Na simu ya Kalamu iko juu ya paja lake, uso juu, na kwenye kioo chake kuna mstari mwembamba mwekundu unaoruka kila mtu anapoongea, ukaruka kwenye tusikie, ukaruka kwenye tutakavyomaliza, halafu ukalala, unasubiri, na hata huo hajauficha, kwa nini aufiche, hapa wote wanarekodiana, hiyo ndiyo kazi.

Haya basi, mheshimiwa mwenyekiti, tupime. Akipiga kelele, akawaambia ninyi ni wezi, mmenikalia masikioni kama mbu, mstari unaruka, Jumatatu mwigizaji yuko seti anapiga kelele zilezile, mwanamke wa chuma kapasuka, watazamaji wanashika mbavu, mwisho mzuri. Akilia, mwisho mzuri zaidi. Akisema ondoeni ile ya simu, watauliza kwa nini, kwa upole, wanajua sana kuuliza kwa upole, na atalazimika kusema kwa sababu yule ni baba yangu, na mstari utaruka juu kabisa kwenye neno baba. Na akisema ipite, akicheka, akimpiga Kalamu bega, umenimaliza wewe mtoto, kibandiko kinabanduliwa wiki ijayo, meneja kamili, mwanamke wa kwanza kwenye kiti kile, na atakapokuwa kwenye kiti kile si atabadilisha mambo, si atapiga marufuku, si ndivyo tunavyojiambia wote, ngoja kwanza niingie ndani ya nyumba ndipo nizime moto... na hasira inamjia sasa, si ile ya machozi, ile nyingine, ya jukwaani, yenye vidole vya kuhesabia, maana mkurugenzi huyu alikosa mazishi ya kaka yake kwa ajili ya mechi ya fainali na ofisi nzima ikamwita mchapakazi, mhasibu huyu hajui mwanawe wa mwisho yuko darasa la ngapi na hilo ni jambo la kusimulia kwenye sherehe, nani kawatengenezea filamu hao, mwanamume akiipenda kazi ni sifa, mwanamke akiipenda ni kichekesho, saa moja na nusu, na muziki wa tarumbeta.

Na si kwamba hata wamepata ukweli. Kwenye filamu upande wa pili wa simu yupo mama mzee, kibiongo, amekaa ukingoni mwa kitanda, na kitandani kuna mzee aliyefunikwa shuka mpaka usoni, amekwisha kufa, ndiyo utani wenyewe, binti anasema mwambie asibanduke na mzee kweli habanduki, na hapo ndipo yeye alipocheka, Mungu amsamehe, alicheka kwa sababu ni utani mzuri, umekatwa vizuri, yeye ni mtu wa kazi anaijua kazi nzuri... lakini si hivyo, haikuwa hivyo, yale maneno yalikuwa ya baba. Yalikuwa ya baba tangu televisheni ya kwanza kuingia nyumbani, ile yenye tumbo kubwa nyuma, baba akiinuka mezani kunawa mikono, msibanduke, tunarudi baada ya matangazo mafupi, akienda kuoga, akienda kulala, mbele ya wageni, mbele ya shekhe, mbele ya mwalimu mkuu, na mama akisema, "Nenda zako, matangazo yenyewe wewe," na yeye mtoto akijifungia chumbani na mwiko mdomoni kama kipaza sauti akiyasema vilevile, kwa sauti ileile, kwa sababu alifikiri televisheni ni mahali baba anapokwenda akiondoka mezani. Na siku ile mama alipiga kutoka hospitali, "Baba yako hapa anakuulizia, anataka kujua kipindi kinaanza lini, kang'ang'ania tumgeuzie kitanda aione televisheni ya ukutani," na yeye yuko kwenye dawati la studio, kipaza sauti ukosini, akasema maneno ya baba kumrudishia baba, mwambie asibanduke, na baba akacheka. Alicheka. Mama alisema, "Unamsikia? Anacheka na kikohozi juu, muache bwana," alicheka, si ndiyo, alicheka... anajaribu kukisikia kile kicheko na hakiji. Anatafuta. Anaona shuka. Anamtafuta baba kwenye kile kitanda cha hospitali, kinachosukumwa kigeukie ukuta, na anaona shuka ya kwenye filamu, nyeupe, imepigwa pasi, na mama anageuka kwenye kumbukumbu yake na ni kibiongo, mama yake ambaye ananyooka kama nguzo, ana uso wa yule mwigizaji mzee, analia, mama hakulia kwenye simu ile, alikuwa anacheka na yeye, au hakuwa... na hofu inamshika ambayo haijawahi kumshika mbele ya kamera yoyote, kwamba inaingia, filamu inaingia kwake kama maji yanavyoingia kwenye viatu, wameonesha mara moja tu na tayari anakumbuka ya kwao, na ikienda hewani, ikirudiwa sikukuu zote, mama ataitazama sebuleni kwake na yeye pia ataanza kukumbuka shuka, na hatabaki mtu hata mmoja aliyemsikia yule mzee akicheka, maana kipaza sauti kile kilisikia upande mmoja tu wa simu na upande wa pili wakaujaza wenyewe.

Kiti kinalia nyuma. Mtu anasogea, anainama, kuna harufu ya peremende na kahawa karibu na sikio lake la kushoto, na sauti ya chini sana, sauti ya mtu anayejua hasa ni kiasi gani cha sauti kinafika wapi, inasema, "Dada. Alicheka." Peremende inagonga jino, kisha anaongeza. "Mama yako huwa anaongea kwa nguvu, na simu ulikuwa umeiegemeza hapa kwenye ukosi. Nilimsikia mzee. Mimi niliwasimulia tu mezani, tukinywa chai, sikujua wanaandika. Niliwaambia kabisa kwamba alicheka. Wakasema kicheko chake kinaharibu." Na kiti kinalia tena, karudi nyuma, na mkurugenzi anauliza, "Fundi anasemaje huko?" na fundi anasema, "Namwambia sauti ya mwisho ilipasuka kidogo," na mkurugenzi anasema, "Hiyo mtarekebisha."

Alicheka. Kuna shahidi. Mtu mwingine katika dunia hii, mwizi, mmbea, mnywa chai, lakini shahidi, alikuwa na kicheko cha baba masikioni mwake, vipokea sauti viwili, kulia na kushoto, na sasa kinakuja, taratibu, kutoka mbali, kwanza kikohozi, halafu lile pumziko, maana baba hucheka akivuta pumzi ndani kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi, halafu kinafunguka, na shuka inaondoka kitandani yenyewe, hakuna aliyeivuta, na mama ananyooka... na wakasema kinaharibu. Walijua. Si kwamba walikisia upande wa pili, waliusikia wakaukata, kwa sababu mwanamke anayependwa na baba yake mpaka dakika ile hachekeshi, mwanamke ambaye alisema mzaha na mzaha ukapokelewa hachekeshi, ili achekeshe lazima upande wa pili awepo maiti. Anashangaa jinsi anavyotulia. Hasira imekaa chini kama mgeni aliyepata kiti. Akilini anafungua bomba, maji yanakwenda, halafu analifunga, hahitaji maji, hahitaji kusema napinga hoja, kwa sababu leo hoja haizuiwi kwa kupingwa, inazuiwa kwa neno kutosemwa. Neno ni lake. Likikaa ndani, hakuna swichi. Chuoni walimfundisha asiyejibu amekubali, na kila jukwaa alilowahi kupanda alilijaza maneno mpaka ukingoni, na televisheni ikamfundisha vilevile, usiache mwanya, ukimya hewani ni kifo, sema chochote, sema hali ya hewa... na watu wote waliomo humu wamefundishwa hivyohivyo.

Anakunja mikono. Anamtazama mwanamke wa ukutani, mdomo wazi, akitetemeka pembeni, na anafunga wa kwake. "Ehe?" mkurugenzi anasema. Projekta inavuma. Mstari mwekundu kwenye paja la Kalamu umelala chali. Mhasibu anakohoa kikohozi kisicho na kazi. Anasikia kidole gumba cha mkurugenzi kikisugua mgongo wa rimoti, anasikia mtu akimeza mate, hakuwahi kujua watu wana sauti nyingi hivi wakinyamaza, viatu, pua, saa ya mkononi ya mtu, ndivyo ilivyokuwa basi, ndivyo fundi alivyokuwa akiwasikia wote miaka yote, na kumbe si uchawi, ni kukaa tu kimya na kutokuwa na haraka. "Dada," mkurugenzi anasema, na kuna ufa mdogo kwenye hiyo dada, "neno moja tu. Watu wana kazi." Hajibu. "Si lazima iwe leo," mhasibu anasema, halafu anaonekana kujutia. Hajibu. Na Kalamu anasogea kwenye kiti, anavua miwani, anaifuta kwa shati, anaivaa, na mstari mwekundu unaruka kwa sababu amefungua mdomo, "Halafu hata sio wewe hasa," anasema, "yaani, nani kasema ni wewe," na hakuna aliyesema, hakuna mtu humu ndani aliyesema, chumba kizima kinalisikia hilo likianguka sakafuni, na mkurugenzi anageuka kwa mara ya kwanza, hamwangalii yeye, anamwangalia Kalamu, rimoti bado imenyooshwa ukutani, picha bado imesimama, "Tulibadilisha vitu vingi," Kalamu anasema, "muulize bosi, yeye ndiye alisema mzee afunikwe shuka," na yeye hatingishiki, anaegemea kiti, anatega sikio, kwa maana wao ndio kwanza wanaanza kuongea.